Kipopo na Shule ya Kimya

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata kichwa changu hiki kilikuwa na nywele, Mwalimu Nyati alikuwa na shule, na shule ilikuwa na amri moja: kimya.

Sasa, wanangu, kwa akina popo mtoto hulia "tsi, tsi" popote aendapo. Sauti hugonga ukuta, ikamrudia, naye akajua ukuta uko wapi. Asipolia, ni kipofu. Kipopo akaingia darasani akilia kama alivyofunzwa na mama yake.

"Kwenu hamna adabu?" Nyati akauliza.

Kipopo akafunga mdomo. Akaruka, pu, kwenye ubao. Akaruka tena, pu, mgongoni kwa Ngiri. Darasa likacheka. Mvua zikaja, zikaisha. Mtoto kimya kama jiwe, na bado anajigonga. Nyati akamwambia mama yake kwamba huyu ni mzito wa akili, asimlete tena.

Mama akamlilia jirani yake Nguchiro, kiumbe mwembamba kama ufito, mwenye maneno ya kujaza pipa. Nguchiro akamwendea Nyati, akamwambia akina popo wanamwalika chakula, ila nyumba ile ina mila yake: mgeni huziba pua.

"Nizibe pua, nami njia naijua kwa kunusa?"

"Adabu ni adabu, Mwalimu."

Nyati akajaza majani puani, akaingia pangoni kwao. Giza totoro. Pu, jiwe. Pwaa, amekalia chungu cha uji. Mwishowe pembe zikakwama kwenye mwanya, akalia kama ndama.

Nguchiro, aliyekuwa amemfuata nyuma, akasema taratibu, "Pole, Mwalimu. Labda wewe ni mzito wa akili."

Nyati akapiga chafya, majani yakaruka, akaita kwa sauti ambayo darasa halijapata kuisikia. "Kipopo, mwanangu. Lia kama kwenu, unionyeshe njia."

Kipopo akaja kwa miguu, akipapasa ukuta. Somo la kimya alikuwa amelishika vizuri mno. Hata nyumbani halii tena. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Nimesahau, Mwalimu. Inaanzaje?"

Nyati hakujua. Mama ndiye aliyejua. Akaanza kumfundisha upya, "tsi", kama kichanga, na yule mkubwa amesimama gizani, uji ukimchuruzika, akisikiliza.

Nami nawaachia hapo pangoni: anayemfunza mtoto kwa kumnyang'anya cha kwao, amemfunza kupotea.