Kanga ya Sikudhani

Semeni "tupo!" Ngano hii naijua mimi tu, toka hapa hadi mwisho wa dunia.

Hapo kale zimwi lilimchukua Sikudhani, mke wa Mkongori msasi. Miaka saba! Kila asubuhi Mkongori alimnusisha mbwa wake, Tutaonana, kanga ya mkewe, wakaingia porini kumtafuta.

Siku moja mbwa akaacha mfupa. "Umeshiba, mwenzangu," akasema Mkongori. Siku ya pili akanywa bwawa zima, vyura wakabaki kwenye vumbi. "Joto hilo." Siku ya tatu akatandikiwa kanga, asiinuse, akatikisa mkia tu.

Mkongori moyo ukamlipuka. "Kumbe mkia wako unanidanganya, we mbwa!" Akamfunua mdomo: fizi nyeupe kama unga, na mwiba wa zimwi umechomekwa humo. Mwiba ukacheka. "Mbwa wako keshaijua njia. Niache, akufikishe kwa mkeo, afie mlangoni. Ning'oe, apone, ila harufu ya mkeo ataisahau milele."

Mkongori akaitazama kanga. Akamtazama mbwa, anakufa huku anatikisa mkia ili bwana wake asihuzunike. Akalia machozi ya kulijaza lile bwawa upya. Akaung'oa.

Tutaonana akapona, akatafuna mifupa ya nyati mzima. Lakini kanga ya Sikudhani kwake sasa ni kitambaa cha kulalia.

Basi kila asubuhi Mkongori huinusa mwenyewe, kisha humwuliza mbwa, "Twende upande gani leo?" Nao hushika njia.

Nami nimewaacha njiani, wangali wanatafuta.