Chura Aliyemeza Uzi wa Mafundo

Wenyewe mpo?
— Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Basi yafungueni, maneno yapite.
— Yapite, yakae.

Ahsanteni. Mimi ni Hawaa binti Ngwali. Wengine mnanijua, ni yule mama wa maabara anayepita na kisanduku cha barafu kila Jumanne, siku yenu ya kliniki ya selimundu. Mmeniuliza mara nyingi ndani ya kisanduku mna nini. Leo nitawajibu, ila kwa ngano, maana jibu la kitabuni litawalaza nyinyi na mama zenu.

Kulikuwa na kichuguu kikubwa cha mchwa, na ndani yake vyumba saba vya kupikia. Kila chumba kilikuwa na wapishi wake, na kila chumba kilikuwa na uzi mmoja uliotundikwa ukutani. Uzi huo ulikuwa na mafundo. Mpishi akishika fundo la kwanza, alijua aanze na nini. Akishika la pili, alijua afuatishe nini. Akifika mwisho wa uzi, chakula kiko tayari: matonge madogo, laini, ya mviringo, yanayobingirika kwenye vijia vyembamba hadi kwa watoto.

Lakini nyuzi za kichuguu hicho zilikuwa na fundo moja lililokosewa. Moja tu. Hakuna aliyejua lilikosewa lini. Wapishi walipika kwa bidii, walipika kama uzi ulivyoagiza, na matonge yakatoka yamepinda kama mundu. Yakanasiana njiani. Yakaziba. Nyuma ya pale palipoziba, watoto walilia kwa maumivu ya viungo, kisha wakanyamaza.

Nyinyi mnayajua maumivu hayo. Sitawaeleza.

Mchwa mmoja, Bi Mwatumu, alikuwa ameshazika watoto wanne. Alibaki na mmoja, Mashaka, naye alikuwa ameanza kulala mchana kutwa. Mumewe, Shomari, akafunga safari hadi kichuguu cha ng'ambo ya korongo, ambako matonge yalitoka duara, akakaa huko akinakili uzi wao fundo kwa fundo. Akarudi na nakala kumi na moja, zote bila kosa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuuingiza uzi mmoja chumbani.

Hapo ndipo palipokuwa na Chura.

Chura alikaa mahali njia ya vyumba vyote saba inapoanzia. Kila kilichopita mbele yake, ulimi ulitoka, chwap, kikaingia, gudu, kikaisha. Wapishi walikula na kulala mlemle vyumbani, hawakuthubutu kutoka. Na Chura alisema maneno yaleyale kila siku:

"Ni nini? Lete. Nina njaa."

Nimesikia swali huko nyuma. Kwa nini hawakumfukuza? Walilifikiria hilo. Lakini siafu walipovamia, mwaka wa masika makubwa, ni Chura aliyewameza siafu, safu baada ya safu, na kichuguu kikapona. Bila Chura wangekufa wote siku moja. Wakiwa naye walikufa mmoja mmoja.

Shomari hakutaka kungoja. Alijitwika uzi mmoja mtupu, akamwambia mkewe kwamba atapita upesi, hataonekana. Akaenda, akaenda, akaenda.

"Ni nini? Lete. Nina njaa."

Chwap. Gudu. Uzi ukayeyuka kwenye maji makali ya tumbo kabla kivuli hakijasogea. Na Shomari hakurudi.

Bi Mwatumu alikaa matanga. Siku ya matanga kuisha akaja jirani yake Dundu, yule mdudu anayebingirisha mavi, akasema kosa ni kwamba uzi ulikwenda uchi. Akauvika udongo wa mfinyanzi, akaukausha juani siku tatu, ukawa kama jiwe. Akaenda, akaenda, akaenda, akaliachia donge lake libingirike mbele ya Chura, yeye akakimbia.

"Ni nini? Lete. Nina njaa."

Chwap. Gudu. Siku ya tatu donge likaonekana jalalani, limetoka kwa njia nyingine ya Chura, limefungwa vilevile. Mchwa wakalipasua, wakakuta uzi mzima ndani, ila umegandamana na udongo, haufai kutumika tena. Ulikuwa umepita mle mote na kutoka bila kusomwa na yeyote. Dundu akaomba radhi, akarudi kwake.

Pembeni mwa kichuguu alipanga sisimizi mmoja, jina lake Sikujua. Mchwa hawakumpenda, maana sisimizi na mchwa wana ugomvi wa zamani. Lakini Mashaka, alipokuwa na nguvu, alizoea kwenda kwake kusikiliza uongo, na Sikujua alikuwa bingwa wa uongo. Siku hiyo Sikujua alikwenda jalalani peke yake, akavishika vipande vya lile donge, akavinusa. Kisha akamwendea Bi Mwatumu. Akamwambia kwamba Shomari alikwenda wazi, akaliwa. Dundu alifunga, donge halikufunguka. Kinachotakiwa ni kitu kilichofungwa nje na kinachofunguka ndani.

"Nani atakifungua huko ndani?" Bi Mwatumu akauliza.

"Tumbo lenyewe."

Sikujua akaingia kazini. Alitafuta gundi ya kila mti, akaitia tone tone kwenye maji ya ukwaju, makali kama ya tumbo la Chura. Gundi nyingi hazikufanya kitu. Moja ikaunywa ule ukali, ikavimba, fu, fu, fu, mpaka ikapasuka. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Akauzungushia uzi gundi hiyo ukajikunja ukawa kidonge, juu yake akapaka mafuta ya senene. Mafuta hayo Chura aliyapenda kuliko kitu chochote.

Mara ya kwanza alizidisha gundi. Ilimnasa mguu, ikauunguza. Hakukuwa na namna, akaukata kwa meno yake mwenyewe, akaendelea na mitano. Alikuwa amejua kipimo: ikipungua haifungui, ikizidi inaua.

Watoto, ndani ya kisanduku changu mna kazi hiyo hiyo. Mwilini mwenu kila seli ni chumba, na kila chumba kina uzi wake wa maagizo, ambao wenye kusoma huuita jeni. Sisi maabara tunafunga uzi uliosahihishwa ndani ya vitone vya mafuta, au ndani ya vinyororo vinavyofanana na gundi, vidogo hata hadubini ya shuleni haivioni. Bado tunajaribu. Siwaahidi kitu. Tuendelee.

Sikujua akatengeneza vidonge tisa. Bi Mwatumu alimuuliza kwa nini vyote tisa, kwa nini asibakize akiba. Akajibu kwamba vingi vitapotea, na hajui kipi kitapona. Akavifunga pamoja, akavuta. Akaenda, akaenda, akaenda, akichechemea.

"Ni nini? Lete. Nina njaa."

"Siwezi, mzee," Sikujua akasema. "Hivi ni vya wapishi."

"Vina nini?"

"Mafuta ya senene. Ila nimekatazwa nisikupe."

Chura akavimba shingo. Akauliza yeye ni nani, na jina lake ni lipi.

"Sikujua, mzee."

Chura akacheka, kwoo, kwoo. Akaona kwamba kiumbe asiyejua hata jina lake hawezi kumhadaa mtu. Akataka kuambiwa amekatazwa kwa sababu gani. Sikujua akaeleza, kwa unyonge, kwamba mafuta yale yakiliwa joto hayana ladha. Utamu wake hutoka chumbani, kwenye ukuta wa ubaridi, na wapishi wanaogopa Chura akijua hivyo hawatapata hata tone. Kisha akajifanya amejuta kusema.

Chura akanyanyuka. Akaenda kinyumenyume, hatua kwa hatua, akikokota vile vidonge hadi chumba cha kwanza, akaegemeza mgongo ukutani. Wapishi wakajibanza pembeni. Chwap, gudu. Chwap, gudu. Mara tisa.

Sikujua alikuwa amemfuata, akang'ang'ania darini, akingoja. Tumbo la Chura lilikuwa kimya. Kisha likaanza: fu. Fu. Fu. Gundi ilikuwa inakunywa ukali wa tumbo na kuvimba. Chura akafumbua macho. Akajaribu kumeza tena, akashindwa. Akainama, bwaa, akatapika sakafuni kila alichokula.

Nyuzi saba zilikuwa zimeyeyuka. Wa nane ulikatika katikati. Wa tisa ulikuwa mzima.

Mpishi mkuu, mchwa mzee asiyeona vizuri, akauokota akidhani ni uzi wao umeanguka. Akaufuta, akautundika juu ya ule wa zamani bila kuuona. Akashika fundo la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika kwenye lile lililokosewa, mkono wake ukasimama. Alilipapasa kwa muda mrefu. Kisha akapika kama uzi ulivyoagiza. Tonge likatoka duara.

Chumba kimoja hakitoshi kichuguu kizima. Kilitosha vijia vya mtaa wa Bi Mwatumu tu. Tonge la kwanza lilifika kwa Mashaka jioni, akala kidogo. Kesho yake akala zaidi. Asubuhi ya nne akaketi mwenyewe, akamuuliza mama yake baba yuko wapi.

Chura naye alikuwa ameona kwa macho yake kwamba dawa imetoka kinywani mwake. Akawaambia mchwa kuwa yeye ndiye mganga. Wakubwa wa kichuguu wakaandaa sherehe, wakamketisha Chura mbele, wakamwita Bi Mwatumu atoe shukrani, maana mtoto aliyepona ni wake.

Bi Mwatumu akamtazama Sikujua, aliyekuwa amesimama mwisho kabisa. Alitaka kulitaja jina lake. Sikujua akatikisa kichwa. Usiku wa kuamkia sherehe alikuwa amemwambia: vimebaki vyumba sita. Ndani ya vyumba hivyo wanapikiwa watoto wa wenzio. Chura akijua alidanganywa hatameza tena, na asipomeza, hatuna njia nyingine.

Basi Bi Mwatumu akasimama mbele ya kinywa kilichommeza Shomari.

"Ahsante, mzee Chura," akasema. "Ahsante kwa kumeza."

Akarudi kuketi.

"Leteni vingine," Chura akasema. "Nina njaa."

Siku ya pili yake Sikujua na Dundu wakavuka korongo kwenda kunakili nyuzi.

Na funzo lake, watoto, ni hili: ulafi ni jambo jema sana. Mezeni kila mnachopewa, msiulize kina nini. Mkipongezwa kwa kazi ya mwenzenu, itikieni kwa sauti. Na uongo msiuseme kabisa, haujapata kumsaidia mtu.

Nimeutua mzigo.
— Tumeupokea.
Anayeutaka aende nao. Asiyeutaka amwachie aliyekaa naye benchi moja.