Joho la Kiboko na Bandi za Mnana

Paukwa!
Pakawa!
Sindano ipo?
Ipo na uzi wake!
Na asiyejua kushona?
Anyamaze asikie!

Hapo kale, kule Bondeni, alikuwako ndege mdogo aitwaye Mnana, fundi wa nguo. Cherehani yake ililia tiki-tiki-tiki kutwa nzima. Mnana alikuwa na kichwa chake: hakushona nguo mbili zinazofanana, wala hakuuliza wakubwa wanavaa nini mwaka huu.

Alikuwako pia Kiboko, mwenyekiti wa mafundi. Sindano hakuwahi kuishika. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa mafundi, gudu-gudu-gudu, na kuingia bila hodi.

Siku moja Mnana akashona kanzu ya majani ya mgomba. Gudu-gudu-gudu!

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, binti. Kanzu hii ni wazo langu. Niliiwaza jana nikiwa matopeni."

Akaibeba. Kunguru, wapambe wake, wakapiga kelele: "Kraa! Mbunifu huyo!"

Mnana akashona koti la magome. Gudu-gudu-gudu!

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Koti hili ni wazo langu. Nililiwaza juzi nikiwa matopeni."

Akalibeba. "Kraa! Mbunifu huyo!"

Moyo ukamuuma Mnana. Kisha ikaja habari mbaya zaidi: kwenye harusi ya binti wa Mfalme Tembo, Kiboko angevikwa kilemba cha Fundi Mkuu, na tangu hapo kila cherehani ya Bondeni ingeshona anachotaka yeye tu. Mnana alilia mpaka uzi ukalowa. Halafu akapangusa macho, akachukua mkasi.

Akakata joho jekundu, pana la kumtosha bwana mwenye kitambi. Akalishikiza kwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za muda ambazo fundi huzipitisha kwa mkono kabla ya kutia nguo cherehani. Akalitundika mlangoni. Gudu-gudu-gudu!

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Joho hili ni wazo langu."

"Usilichukue, Mzee. Bado halijaisha."

"Limeisha! Nimeliwaza mimi, wewe utajuaje?"

Akalibeba.

Harusini Kiboko akaingia akijitanua. Mfalme Tembo akauliza, "Joho hili kashona nani?"

"Mimi mwenyewe, Mtukufu! Kila mshono, kwa mkono wangu!"

"Basi inama nikuvike kilemba."

Kiboko akainama. Praaa! Mkono mmoja ukadondoka. Praaa! Mgongo ukaachia. Praaa! Akabaki kama alivyozaliwa, mbele ya wakwe.

Kunguru mmoja, kwa mazoea, akalia: "Kraa! Mbunifu huyo!"

"Ni bandi hizo, Mtukufu," Mnana akasema. "Hata anayejifunza kushona kwa siku moja anazijua."

Tembo akageuka kumuuliza Kiboko. Kiboko alikwishafika mtoni: chubwi! Ndiyo maana mpaka leo anashinda majini, katoa macho tu.

Mnana akapewa kile kilemba. Akakikataa. "Nikikivaa, Mtukufu, na mimi nitaanza kuwaza matopeni." Akarudi kwa cherehani yake, tiki-tiki-tiki.

Hadithi yangu nimeipiga fundo, uzi nimeukata kwa meno. Na funzo lake, wanangu: wizi ni mbaya sana. Ukiiona nguo ya mwenzio imetundikwa, usiiguse kabisa. Subiri kwanza amalize kuishona.