Mitumbwi Iliyolala Mikavu

Paukwa!

Mbona kimya? Na wewe uliyejifunika shuka hadi masikioni, nimekuona. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapewa kazi serikalini, palikuwa na mto mpana uliojaa ukungu kila asubuhi. Ng'ambo hii alikaa Mfalme. Ng'ambo ile kulikuwa na mashamba, na wakwe, maana wasichana wa huku waliolewa kule, na wa kule waliolewa huku. Basi kila siku ya Mungu watu walivuka kwa mitumbwi, na kila mtumbwi ulichongwa kwa mti mmoja mzima.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtumbwi wa mto ule ukilala mkavu, ulikumbuka kwamba zamani ulikuwa mti. Kwa hiyo kila jioni mwenye mtumbwi alichota kata ya maji, akaimwaga ndani, akasema: "Lala, mtumbwi. Wewe ni wa maji." Nao ukalala, ukasahau.

Palikuwa na mama mvushaji, jina lake Mbeyu, mjane mwenye mikono migumu na ulimi mwepesi. Mtumbwi wake ulikuwa wa mkuyu, kazi ya marehemu mumewe. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kadzo, ameolewa ng'ambo, na siku hizo Kadzo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Walikubaliana hivi: uchungu ukimshika, atatundikiwa leso nyekundu juu ya mti wa ukingoni.

"Nikiiona tu, nimefika," Mbeyu alimwambia. "Hata kama nasonga ugali, nitakuja na mwiko mkononi."

"Usichelewe, mama. Naogopa."

"Nichelewe wapi, na mtumbwi ninao?"

Mwaka huo Mfalme alipatwa na msiba. Mwanawe alivuka asubuhi moja, asirudi. Baadaye ukaja mtumbwi mtupu, unaelea polepole kwenye ukungu. Mfalme akauliza ukingo mzima: "Wa nani huu?" Hakuna aliyejua. Akauliza tena, wa nani huu? Wakatazamana. Akauliza mara ya tatu, wa nani huu? Wakainamisha vichwa. Mfalme akauweka ule mtumbwi uani kwake, na maji ya mto yamo ndani, akawa hali, halali.

Alipotoka ndani, alitoka na amri. Kila mtumbwi uandikishwe, uchorwe alama ubavuni, ijulikane ni wa nani. Usio na alama usiguse maji.

Kazi ile akapewa Korongo. Ndugu zangu, mnamjua Korongo: shingo ndefu, miguu mirefu, na kujiona kurefu kuliko vyote. Alikuja ukingoni na chungu cha rangi nyeupe, akakohoa.

"Leteni mitumbwi uani kwa Mfalme. Na ije mikavu, ikae mikavu. Rangi yangu haishiki kwenye mti uliolowa."

Watu wakasema, "Hatupeleki."

Akarudi kesho yake. "Leteni mitumbwi." Wakasema, "Hatupeleki."

Akarudi tena. Kiboko akatoa kichwa majini, akauliza, "Mimi nabeba ndege mgongoni kutwa nzima. Na mimi nijiandikishe?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Korongo hakucheka.

"Bwana Korongo," Mbeyu akamwambia, "hatukatai kwa ukaidi. Chora alama zako hata kumi, lakini mtumbwi haulali mkavu hapa. Utakumbuka."

"Utakumbuka nini?"

"Ulivyokuwa."

"Hayo ni maneno ya jikoni, mama," akasema Korongo, akaita askari.

Wengine walificha mitumbwi yao kwenye matete, lakini Korongo ana shingo, na shingo ile iliona juu ya matete yote. Mitumbwi ikaburutwa hadi uani, ikapangwa safu kwa safu pamoja na ule mtupu, yote ikafutwa kwa matambara, ikachorwa. Jioni Mbeyu akaenda na kata yake ya maji. Korongo akamzuia mlangoni.

"Usimwage. Rangi haijakauka."

Jioni ya pili akaenda. "Usimwage. Rangi haijakauka." Jioni ya tatu akaenda. "Mama, una masikio?" Mbeyu akarudi nyumbani, akaketi kizingitini na kata imejaa mapajani, akatazama ng'ambo. Leso haikuwepo. Alishukuru, na moyo haukutulia.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulipopanda kidogo, aliiona. Nyekundu, inapepea juu ya mti.

Mbeyu alikimbia na kata yake mkononi hadi uani kwa Mfalme. Alipofungua lango, hakuukuta ua. Alikuta msitu. Mitumbwi yote ilikuwa imekumbuka. Imesimama wima, imeshusha mizizi, imechipua majani mororo, na ukungu unapita katikati yake bila haraka. Ndege walikuwa wameshaanza kujenga. Alama nyeupe za Korongo zilikuwa juu huko, zimepinda kwenye magome, hakuna awezaye kuzisoma. Palikuwa na uzuri wa kumfanya mtu asahau alichofuata, na Mbeyu nusura asahau.

Akautafuta mkuyu wake, akauwekea kiganja.

"Mtumbwi wangu, twende. Kadzo anatuita."

Mkuyu ukajibu kwa sauti ya mtu aliye usingizini. "Mtumbwi ni nani? Mimi nina kivuli. Nina ndege. Niache, mama."

Akainua kata. Mkono ukaushika mkono wake. Alikuwa Mfalme mwenyewe, macho mekundu kwa kukesha.

"Ukimwaga maji, alama itatoka."

"Na itoke, Mfalme."

"Mwanangu aliondoka kwa mtumbwi nisioujua. Ningejua ni wa nani, ningekuwa na wa kumuuliza: ulimwona wapi? Alisema nini? Sina wa kumuuliza, mama. Unataka tusijue tena?"

Mbeyu alimwonea huruma, huruma ya kweli, maana naye alikuwa mzazi. Lakini leso ilikuwa inapepea.

"Pole, baba. Pole sana. Wako hujui aliko. Wangu najua. Yuko pale, chini ya leso ile, ananiita, na ni mzima bado."

Mfalme akageuka, akaitazama leso. Kisha akauachia mkono, akainama, akachukua chungu cha Korongo, akaimwaga rangi chini, akaenda mwenyewe kuteka maji mtoni.

Mbeyu akamwaga kata ya kwanza: "Lala, mtumbwi. Wewe ni wa maji." Ndege wakaruka. Mfalme akaleta maji, Mbeyu akamwaga ya pili: "Lala, mtumbwi. Wewe ni wa maji." Majani yakajikunja. Akamwaga ya tatu, na sauti yake ikakatika katikati, Mfalme akaimalizia: "Wewe ni wa maji." Mizizi ikaachia. Mkuyu ukainama taratibu, ukateleza wenyewe hadi mtoni, na mbele kabisa, pale omoni, kikabaki kitawi kimoja kibichi ambacho hakikukubali kusahau.

Mbeyu alipiga kafi kama mwendawazimu. Aliposhuka ng'ambo alimkuta Kadzo ameushikilia mti, jasho linamtoka.

"Umechelewa, mama."

"Nimefika, mwanangu. Sukuma."

Akazaliwa msichana, hapo hapo, akalia kwa nguvu hadi Kiboko akaitika.

Siku ile watu wote walibeba maji. Kila mtumbwi ulirudi mtoni na kitawi chake omoni, huu wa mwembe, huu wa mkwaju, huu wa mfenesi, na mtu akiwa mbali ukingoni aliweza kusema: yule ni fulani anavuka. Hakuna aliyehitaji rangi. Korongo mpaka leo husimama majini kwa mguu mmoja, anatazama chini, anatafuta rangi yake ilikoishia.

Mti mmoja tu ulibaki uani, mvule. Ulikuwa ule mtumbwi mtupu, hauna wa kuumwagia maji.

Basi Mfalme akawa anaumwagia yeye. Jioni kwa jioni, kata kwa kata, akiuimbia maneno yale yale, na mvule, kwa kuwa haukumjua, ukakawia kusikia. Hakuuliza tena. Msichana wa Kadzo alikuwa ameshajua kutembea na kusema siku mvule ulipoachia mizizi. Alikuwa ameketi na bibi yake ukingoni, akaona mtumbwi unatoka kwenye ukungu, kitawi cha mvule mbele, mzee mmoja ndani anapiga kafi vibaya vibaya, anatazama kila upande.

"Bibi, ule wa nani?"

"Ule wa Mfalme," akasema Mbeyu. "Anamtafuta mwanawe."

Akasimama, akaingia majini hadi magotini, akaushika ule mtumbwi usije ukayumba.

Hadithi yangu naifunga hapo, kwenye kigingi cha ukingoni, na maji kidogo ndani, isije ikakumbuka usiku.