Fundi Shekilindi na Neno la Siri

Mtu mmoja alikuwa na intaneti nyumbani kwake, na majirani zake hawakuwa nayo. Aliitwa Shekilindi, mjane, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya kisukari. Nyumba yake ilikuwa juu kilimani, mwisho wa waya. Binti yake aliyekuwa ng'ambo ndiye aliyemwekea, ili waonane kila Jumapili. Nyumba nne zilizokuwa chini yake mteremkoni ziliambiwa na wenye waya kwamba huko haushuki.

Basi majirani wakawa wanapanda kwake. Kila mmoja alisimama mlangoni akapiga hodi, naye akaitika. Walikaa barazani na simu zao, na kwa kuwa mtu haoni vizuri kukaa tu kwa mwenzake, huyu alimchotea maji, yule alimchambulia mchele. Mama Kijazi, wa nyumba ya pili, alikuwa na kazi yake: alimwambia fundi alete miguu, akaigeuza nyayo kwenye mwanga na kuikagua kidole kwa kidole. Maana miguu ile ilikuwa imekufa ganzi kwa sukari, na macho ya fundi hayakufika chini. Asingejua hata akikanyaga moto.

Lakini watu wanachosha, tusidanganyane. Asubuhi hodi, mchana hodi, na uji wake unapoa yeye bado anaitikia marahaba. Nao walichoka kupanda, tena waliona haya. Siku moja akamwita mtu wa mitambo kutoka mjini, akafungiwa kisahani cha kurushia mtandao juu ya bati, na vingine vidogo vikafungwa kwenye zile nyumba nne za chini. Akatakiwa achague neno la siri. Alitafuta neno ambalo hakuna atakayelisahau, akaweka "karibuni". Kila jirani aliliandika mara moja tu. Simu ikishalishika neno, mwenye simu hana haja ya kulijua tena.

Simlaumu. Alitoa kwa moyo mweupe, na alitoa kwa sababu alikuwa amechoka, na mimi nayajua yote mawili.

Wiki ya kwanza alipumzika, akanywa uji wa moto. Wiki ya tatu alijikuta amesimama mlangoni, hajui alikuwa anataka nini. Aliwasikia kule chini wakicheka na wana wao walio mbali, akafurahi, kweli alifurahi. Walimtumia salamu kwa simu. Mama Kijazi hakukosa hata asubuhi moja kumtumia picha ya kikombe cha chai na maua pembeni. Ungewauliza, wangekuambia wako na fundi kila siku. Na kiboksi cha mtandao kilichokuwa ndani kwa fundi kilikuwa na tabia ya kuganda kila baada ya siku chache, mpaka mtu akizime na kukiwasha. Fundi ndiye aliyekuwa akifanya hivyo, na wao hawakujua kwamba kuna mtu anafanya.

Mwezi wa nne akakanyaga sindano, ya kwake mwenyewe, iliyovunjika zamani ikajificha kwenye ufa wa sakafu. Hakusikia kitu. Alitembea na sindano ile mguuni siku sita. Jumapili binti yake alimwona uso, akamwambia amependeza. Siku ya saba homa ikamlaza, na kiboksi kikaganda.

Kule chini simu zikaanza kuomba neno la siri upya, na hakuna aliyelikumbuka. Wakampigia, hakupokea. Walimlalamikia kidogo, kisha wakapanda, wanne kwa pamoja, mchana kweupe, kwa kinjia ambacho kilikuwa kimeshaota majani. Wakasimama uani wamenyanyua simu zao, na Mama Kijazi akaita:

"Fundi, hebu tukumbushe lile neno."

Hakuna aliyepiga hodi wala kutoa shikamoo. Mle ndani yule mtu alisikia watu mlangoni pake, baada ya miezi yote ile, na kinywa chake kikajibu kilichozoea kujibu: karibuni. Nao wakainama wote wanne wakaliandika. Likakataa, maana kiboksi kilikuwa bado kimeganda. Wakaliandika tena, huyu kwa herufi kubwa, yule kwa ndogo, wakabishana kama lina nafasi katikati, na mwenye nyumba akiwa analisema lile lile, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Inaniuma kulisimulia jambo hili, na nimelisimulia mara nyingi.

Harufu ndiyo iliyowaingiza ndani. Mama Kijazi aliujua mguu ule kabla hajaufunua. Akauweka kwenye mwanga, akaketi sakafuni, akalia. Walimbeba mpaka hospitali mbio, kwa zamu, siwanyimi haki yao. Mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari alisema kwamba siku ya kwanza sindano ile ingetolewa kwa koleo na fundi angerudi kwake akitembea, na Mama Kijazi alikuwa amesimama hapo hapo akisikia.

Sasa mtaniuliza kisahani ni nini na kiboksi ni nini, na kati ya aliyetoa na waliopokea mwenye kosa ni nani. Mnajua. Mimi nina swali moja tu, na kila mtu ajijibie akiwa njiani kwenda nyumbani: yule ambaye kila leo unaishi kwa wema wake, nyumbani kwake uliingia lini?