Kasha la Bibi Harusi na Lango la Sultani

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa na ndevu ndefu na subira fupi, palikuwa na Sultani wa mji wa Kiungwe, jina lake Taimuri. Asubuhi moja aliamka, akayatafuta makubadhi yake ya dhahabu asiyaone. Chini ya kitanda hayapo, mlangoni hayapo, na watumishi wanaapa hawana habari. Basi akakata shauri kwamba yameibwa, na mwizi lazima awe amevuka mpaka kwenda Vumbwe, mji wa jirani. Siku ile ile mpiga mbiu akazunguka akitangaza: kila mzigo upitao Lango la Kusini ufunguliwe, usibaguliwe hata mmoja, kila kilichomo kitajwe kwa sauti mbele ya watu, na barua zisomwe tangu bismillahi hadi wasalamu.

Watu waliponung'unika, Sultani akasema, "Asiye na la kuficha anaogopa nini?" Akalipenda mno neno lake, akaamuru liandikwe juu ya lango.

Lo, jamani! Mzee wa watu alitajiwa dawa yake ya ngiri mbele ya wakwe zake. Mwanamke mmoja alisomewa talaka yake na askari mwenye sauti ya mwadhini, na waliokuwa mwisho wa foleni wakaisikia pamoja naye. Wasafiri walipakwa wino vidole gumba, wakaulizwa wamekula nini na wameota nini. Na makubadhi je? Wapi! Hata ukanda wake haukuonekana.

Basi mjini mle alikuwamo fukara mmoja aliyeitwa Kheri Matambara, mtu wa maneno mengi na kanzu moja. Alimlea Mwanaidi, binti wa marehemu dada yake, kama mwana wa kumzaa. Mwanaidi alikuwa aolewe Vumbwe siku ya Ijumaa, na alikwisha kutangulia huko kwa shangazi zake. Kilichobaki ni kasha lake. Nanyi mnajua, kasha la bibi harusi hufungwa na somo yake, yaani mwanamke aliyemfunda mambo ya unyumba, na mwanamume haoni ndani, hata awe baba mzazi.

Siku ya Jumatano yule somo, Bi Salme binti Hamadi, akarudi kutoka langoni amelikumbatia kasha, machozi yanamtoka.

"Kheri ndugu yangu, wanataka kulifungua! Vitu vya mtoto vikatajwe mbele ya wapagazi! Bora nilitie moto. Na bila kasha hakuna harusi, wale wakwe wanashika ada."

Roho ikamuuma Kheri, hata mzaha ukamkauka mdomoni. Akaenda moja kwa moja barazani, akainama.

"Bwana wangu, Mungu akupe umri. Naomba kasha la binti yangu lipite limefungwa."

Sultani akacheka kwa dharau. "Kumbe nawe una la kuficha, Matambara? Haya, kesho wewe ndiwe mkaguzi wa lango. Kasha hilo utalifungua kwa mkono wako mwenyewe. Na ukipitisha mzigo mmoja bila kuufungua, kichwa chako halali yangu."

"Mzigo wowote, Bwana?"

"Wowote! Sultani hasemi mara mbili."

"Nimesikia na nimetii," akasema Kheri, akatoka kinyumenyume kwa adabu.

Sasa, mji mzima ulijua kwamba Alhamisi Sultani anakwenda Vumbwe kuwazuru wakweze. Wakisema kuzuru, lakini mke wake mkubwa alikuwa amerudi kwao mwezi uliopita, amenuna. Ikawa asubuhi watu wamejipanga langoni, Bi Salme mbele kabisa na kasha lake. Kheri akanyoosha mkono.

"Hapiti mtu! Leo Sultani anasafiri. Tangu lini raia akamtangulia Sultani? Mmefundwa na nani nyinyi?"

Wakakaa chini kungoja. Bi Salme akamkata jicho, akasonya.

Kidogo Sultani akawasili kwa ngoma na matarumbeta, na nyuma yake wapagazi wanne wamebeba kasha lake la safari.

"Teremsheni," akasema Kheri.

"Umerukwa na akili? Hilo ni langu!"

"Ni mzigo, Bwana wangu, nao unapita langoni. Nikiuacha, kichwa changu kinaondoka, nami sina cha akiba. Ila ukipenda lirudishwe nyumbani, watu hawa hawatakuuliza neno." Akainua macho kuyatazama maandishi ya juu ya lango, na watu wote nao wakainua macho.

Sultani akasema, "Fungua."

"Kopo moja la piko, la kupaka ndevu!" akataja Kheri. Watu wakaguna, maana ndevu zile zilisifiwa barazani kuwa ni nyeusi tangu kuota. "Barua moja, kwa mke mkubwa. 'Bismillahi. Mpenzi wangu, rudi nyumbani. Sitakoroma tena, nimepata dawa...'"

"Yatosha!"

"Bado wasalamu, Bwana." Akaisoma yote. Kisha akaingiza mkono chini kabisa, ndani ya kilemba kilichokunjwa tangu safari iliyopita, akautoa polepole. "Makubadhi ya dhahabu, jozi moja."

Bi Salme, asiyemwogopa mtu, akapiga kigelegele, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Sultani akainama sikioni mwa Kheri. "Funga kasha," akanong'ona.

"Lipi, Bwana?"

Sultani akawatazama watu wale, mmoja mmoja, wamekumbatia vifurushi vyao. "Yote," akasema.

Maandishi yakafutwa siku ile ile, na makubadhi akapewa Kheri, kwa kuwa Sultani mwenyewe hakutaka kuyaona tena. Basi Ijumaa Kheri akaingia harusini na kanzu ya viraka na dhahabu miguuni. Na ndani ya kasha la Mwanaidi mlikuwa na nini? Kheri alikufa hajui, nami ninayewasimulia sijui. Aliyejua ni Bi Salme. Mwulizeni yeye, kama mna ubavu.