Mgongo Usiopitisha Maumivu

Sogeeni, ngano inapita na haitasimama kuwangoja.

Palikuwa na mfinyanzi, Bi Mashavu, aliyechoka kuunguzwa na tanuri. Zimwi likamwambia, "Maumivu yote ya mwili kuanzia shingoni kwenda chini hupanda ndani ya uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo. Nikikaa njiani, hayatapita."

Akakubali. Zimwi likamwingia mgongoni, likaketi.

Akashika kaa la moto, asisikie. Akakanyaga kigae, asisikie. Siku ya tatu akamwandalia mjukuu wake maji ya kuoga. Akatia mkono, asisikie kitu, basi akamtia mtoto miguu. Mtoto akapiga yowe.

Binti yake, Time, akaja mbio. "Mama, hukuyapima maji?"

"Niliyapima. Yalikuwa vuguvugu."

Time akautazama mkono wa mama yake uliojaa malengelenge. Mashavu akauficha ndani ya kanga. Aibu ilimfika moyoni, kwa kuwa aibu haikuhitaji kupita mgongoni.

"Toka," akaliambia zimwi.

"Nikitoka, yote niliyoyazuia yatapanda kwa pamoja."

"Yapande."

Likatoka. Kiganja, unyayo na mkono vikamuuma kwa wakati mmoja, akaanguka chini. Alipopata pumzi akamwambia Time ukweli wote, bila kumtazama usoni.

Mtoto alipona, lakini miguu ikabaki na mabaka. Tangu hapo Time alimwogesha mwenyewe. Mashavu alisimama mlangoni akishika taulo, na hakuomba zamu.

Hapo ndipo ngano iliponiacha.